Pikipiki Iliyopitwa na Waenda kwa Miguu

Wiki ile niliyokabidhi spana zangu, nilimkuta mmoja wenu hapa gereji, jina silitaji, amelitundika lile duara la chuma la mlangoni kwenye mizani ya mnunuzi wa chuma chakavu. Nikamwambia, "Rudisha mlangoni." Akarudisha bila ubishi, ila alinitazama kama mtu anavyomtazama bibi anayekusanya makopo matupu. Ndiyo sababu nimekaa chini kuandika. Nimesoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo nukta na mkato msivitafute sana.

Habari ya nani alikuwa mkubwa wa gereji na nani alilipwa nini siiandiki. Haijawahi kulegeza nati.

Kazi yangu ya kwanza haikuwa pikipiki. Ilikuwa mashine ya kusaga pale Kilosa mjini, karibu na stesheni. Baba yangu aliletwa Kilosa na reli, akafia palepale, na mimi nilibaki na mtoto mmoja, Hadija. Baba yake Hadija aliondoka. Zaidi ya hapo sielezi, hii ni habari ya injini.

Mashine ile ilikuwa ya dizeli, ya kuwashwa kwa mkono, na ubavuni ilikuwa na gurudumu la chuma lililonifika kifuani. Mwenye mashine alinifundisha jambo moja tu: "Mama Hadija, mahindi mimina kidogokidogo. Ukisikia sauti imeshuka, simama, liache gurudumu lifanye kazi." Na kweli. Mtu akimwaga debe zima kwa pupa, injini inaguna, inalegea, unadhani imekufa. Halafu lile gurudumu linaivuta, linaivuta, mpaka inapata pumzi tena. Nilikaa pale miaka, nikawa naijua kwa sikio kuliko nilivyomjua mtu yeyote.

Siku moja ilikataa kabisa. Akaitwa Mzee Kasiani. Huyu ndiye aliyenifanya fundi, kwa hiyo mmjue. Wazazi wake walivuka Ruvuma kuja kukata mkonge, yeye akakulia kwenye korona, ile mitambo ya kuchakata mkonge, na mkonge ulipolala akafungua gereji ya pikipiki na baiskeli. Mfupi, Mkatoliki wa kila Jumapili, miwani imefungwa kwa waya. Alipofika alikuta nimeshafungua kifuniko cha mashine, na boliti zote nimezipanga juu ya kanga, moja nyuma ya nyingine, jinsi zilivyotoka.

"Nani kakufundisha kupanga hivi?"

"Hakuna. Nisingepanga ningezirudishaje?"

Akasema, "Nina watu watatu kule gereji wanatia boliti zote kwenye kopo moja. Njoo Jumatatu."

Jumatatu nilikwenda. Alinipa kopo la mafuta ya taa na brashi. Nilidhani ni kazi ya siku hiyo. Niliosha vyuma miezi mingi, mpaka Hadija akawa anasema mama ananuka kibatari. Ninyi leo mtu akiosha kabureta mbili anaomba soda. Lakini kuosha ndiko kulikonionyesha chuma kinaliwa wapi, maana uchafu ukiondoka kidonda kinaonekana. Baadaye akanipa bisibisi ndefu, akanionyesha kuweka ncha kwenye bloku na mpini sikioni, usikie kilichomo ndani. Ile bisibisi ndiyo hiyo ya mpini mwekundu niliyomwachia Rehema, fundi mwenzenu. Asiifungulie makopo ya rangi.

Wateja walikuwa wananipita. Dereva mmoja wa lori, alikuwa na pikipiki yake ya pembeni, aliniambia, "Mama, niitie fundi."

"Nimeshamwita. Amekuja. Eleza tatizo."

Akatazama nyuma yangu. Hakukuwa na mtu.

Na asiyetoa shikamoo kwa mtu mzima, pikipiki yake ilikuwa inakuwa ya mwisho. Hiyo sheria niliiweka mimi na naomba isifutwe.

Miaka ile vitu vilikuwa vimeadimika. Oili ya kuchanganya na petroli kwa injini za mlio wa "ning'i-ning'i" ilikuwa haipatikani, watu wakachanganya walichokipata. Wengine walitia mafuta ya nyonyo, na injini ilikwenda, tena vizuri, ila nyuma ya pikipiki palinuka kama nywele za mwali. Kisha milango ya biashara ikafunguliwa. Maduka yakajaa ghafla, ukaona oili ya makopo imepangwa rafuni kama maziwa, pikipiki za Kijapani zikaja mpya na za mitumba, magari yakaongezeka barabara kuu. Mzee Kasiani akasema Kilosa treni zinapita lakini pikipiki ziko Mikumi, tukahamisha gereji kuja hapa kando ya lami.

Na hapa ndipo ugonjwa wa mbio ulipotuingia. Kila kijana aliyepata pikipiki alitaka iende zaidi ya ya mwenzake. Tulikwangua hedi, kile kifuniko cha juu cha silinda, ili injini ibane zaidi, tulitia kabureta kubwa, na lile gurudumu dogo la ubavuni mwa injini, flaiwili, tulilipunguza uzito kwa mashine ya kukereza ili injini ipande mzunguko haraka. Kazi hiyo niliiweza. Niliiweza kupita wanaume wote wa barabara hii, na nilijua kwamba naiweza. Kumbukeni hilo neno.

Sasa pikipiki yenyewe. Ilishuka kutoka milimani, huko juu nyuma ya Zombo, imefungwa kwenye mti na kubebwa begani na wanaume wanne, kama nguruwe mwitu aliyewindwa. Pale Zombo ikapakiwa lori la mahindi. Nyuma yake alikuja Nesi Agnesi, kofia ngumu ya kuendeshea kwapani, viatu vimejaa vumbi.

Nesi Agnesi alikuwa muuguzi wa zahanati ya kanisa kule juu, mwanamke mwembamba, Mwanglikana wa kizazi cha tatu, asiyecheka ovyo. Tulipatana tangu siku hiyo kwa sababu hiyo. Kila mwezi alishuka kuchukua chanjo za watoto katika kasha lenye barafu, akapanda nazo. Njia yake ya mwisho kabla ya kijiji wenyewe wanaiita Ngazi: mawe yaliyopandana, mengine yanakufika gotini, na katikati maji yanachuruzika. Asiye na mzigo mzito hupanda kwa asubuhi moja, lakini kwa miguu, na kasha la barafu kichwani, kutoka chini mpaka juu ilikuwa kutwa nzima, na barafu haisubiri kutwa nzima.

"Hii aliiacha mmisionari mmoja," aliniambia, akiipiga pikipiki kofi la tangi. "Kwao wanashindana kupanda mawe nayo. Polepole. Ukiweka mguu chini umepoteza."

"Wanashindana kwenda polepole?"

"Polepole."

Nilidhani ananitania. Niliitazama: ndefu, nyembamba, kiti kama silesi ya mkate, injini imeinuliwa juu na bamba la chuma chini ya tumbo, ekzosi inapita pajani. Ya zamani, ya Kiingereza, spea zake nchi nzima hakuna. Kiki haikushuka hata kidogo. Pistoni ilikuwa imeganda.

Nesi akanieleza hali yake bila kuzunguka. Kamati ya zahanati ilikuwa imechoka. Chanjo zilikuwa zimeharibika njiani mara kadhaa, na walisema kama hakuna usafiri wa uhakika, siku ya kliniki ihamishiwe bondeni, kinamama washuke na watoto wao. "Watakaoshuka ni wachache," alisema. "Waliojifungua wiki mbili hawashuki Ngazi. Waliojifungua kwa shida hawashuki."

"Kliniki lini?"

"Wiki tano."

Nilipofungua, nilikuta nyonyo. Mafuta yale yalikuwa yamegeuka ulimbo, yamezishika ringi kwenye pistoni kama gundi ya seremala. Tulijaza silinda mafuta ya taa, tukaiacha siku nne, tukaimwagia maji ya moto nje, kisha nikagonga kwa kipande cha mninga, si nyundo. Nyundo ni ya mtu aliyekata tamaa. Siku ya tano ikatoka, gereji nzima ikanuka kichwa cha mwali, Mzee Kasiani akauliza harusi ni ya nani.

Pistoni ilikuwa imekwaruzika. Nilipanda basi na pistoni hiyo mfukoni mpaka Morogoro, nikaingia duka moja baada ya jingine nikiilinganisha, mpaka nikapata ya Kijapani iliyokaribiana, kubwa kidogo. Bloku ikachongwa kuifuata. Pini yake ilikuwa nyembamba kuliko tundu la mkono wa pistoni, nikatia bushi ya shaba. Beringi za ndani nilizipata dukani kwa muuza pampu za maji. Vijana, beringi haina kabila. Soma namba iliyochongwa ubavuni, mengine achana nayo.

Mpaka hapo kazi ilikuwa safi. Ningefunga, ningewasha, ningemkabidhi mwenyewe. Lakini nilikuwa fundi wa mbio. Nikaona aibu kutoa mikononi mwangu pikipiki inayoguna kama kinu. Flaiwili yake ilikuwa nzito ajabu, nikasema hawa Waingereza walikuwa na chuma cha kuchezea, nikaipeleka ikakerezwa ikabaki nyepesi kama sahani. Nikakwangua hedi. Nikatia kabureta kubwa. Ile ndogo ya zamani, namshukuru Mungu, niliifunga kwenye gazeti nikaiweka.

Mzee Kasiani alikuwa anakunywa chai. "Inakwenda wapi hiyo?"

"Inakwenda kama risasi, Mzee."

"Nimekuuliza inakwenda wapi, hukuulizwa inakwendaje."

Niliendelea kukaza boliti. Nilikuwa na shughuli.

Niliijaribu mwenyewe kwenye lami, kuelekea upande wa mbuga. Kanga kiunoni, kofia ya Nesi kichwani. Iliruka. Nyani waliokuwa wamekaa kando ya barabara walikimbia na watoto wao, na dereva mmoja wa basi alinipigia honi mpaka nikaisikia kama wimbo. Niliporudi vijana wa barabarani walikuwa wamesimama. Nilishuka polepole makusudi, wanione vizuri. Nesi Agnesi alikuja, akaipokea, akanishukuru, akaondoka nayo na kasha lake la barafu kwa ajili ya kliniki.

Siku ya tatu alirudi. Hakuja nayo. Alikuja kwa lori, mikono imechubuka, na shikamoo yake kwa Mzee ilipoishia yeye alikuwa ameshafika mbele ya benchi langu.

"Mama Hadija, ulinipa mbio. Nani alikuomba mbio?"

Alinieleza. Njia ya bondeni ilikwenda kama ndege. Alipofika Ngazi, akipunguza mafuta ili apande jiwe, injini inakufa. Akiongeza, gurudumu la nyuma linazunguka pale pale, linatupa mawe, halafu linashika ghafla linamrusha. Jiwe la tatu alianguka. La tano alianguka na kasha. Akaiacha, akabeba kasha kichwani, akafika juu jioni. Kinamama walikuwa wameshasubiri kutwa, wengine wameondoka. Barafu ilikuwa maji ya uvuguvugu, na chanjo alizimwaga mbele yao, maana haziwezi kutumika.

"Kamati imekaa jana," alisema. "Wamenipa kliniki moja tu. Ya mwezi ujao. Chanjo zisipofika salama, wanahamisha."

Nilimchotea maji akanawa mikono.

Pikipiki ikaletwa, juu ya mti uleule, wanaume walewale wanne. Mmoja wao akaniambia, "Mama, sisi tukishazoea hivi, bora mtulipe tuibebe yeye akiwa juu yake." Wenzake wakacheka. Nilistahili.

Siku tatu niliizunguka. Nilirudisha kabureta ndogo. Nilikata gasketi nene ya shaba nikaiweka chini ya hedi, injini isibane tena. Ikawa nafuu, lakini nikiipunguza mafuta kabisa bado inakohoa, inakufa.

Jumamosi nilikwenda kusaga. Nimekaa kwenye foleni na ndoo yangu, mbele yangu dada mmoja ana haraka, akamimina debe zima kwa mkupuo. Mashine ikaguna. Ikalegea. Mwenye mashine akapiga kelele. Na mimi nikasikia lile gurudumu kubwa likiivuta, likiivuta, ikapata pumzi.

Niliacha ndoo yangu palepale kwenye foleni. Wakanisagia, wakala kidogo, si neno.

"Mzee," nilisema nikiwa bado mlangoni, "nimelitoa gurudumu la kusagia la ile pikipiki."

Mzee Kasiani alivua miwani. "Sema tena."

"Ile flaiwili. Haikuwa nzito kwa ujinga wao. Jiwe ni debe la mahindi. Ikifika kwenye jiwe, ule uzito ndio unaovuta, siyo mafuta. Mimi nimeukereza nikautupa. Mimi! Niliyekaa miaka yote kwenye mashine ya kusaga!"

Alianza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, nikampa maji. "Na mimi je?" alisema. "Mimi wa korona? Gurudumu la korona lilikuwa kubwa kama nyumba. Nilikuuliza inakwenda wapi kwa mazoea tu. Nilikuwa nimeshasahau kwa nini mtu anauliza."

Basi tukatafuta chuma. Mimi nilitaka kukata duara kwenye gurudumu bovu la mashine ya kusaga, Mzee akakataa katakata. "Kile ni chuma cha kumimina. Kikizunguka kwa kasi kikapasuka, kitamkata Nesi mguu. Tafuta chuma cha shafti." Tukaenda Ruhembe, ambako rafiki yake alikuwa fundi mkerezaji kwenye karakana ya sukari. Alikuwa na kipande cha shafti iliyokwisha kazi, nene kama paja. Alikikereza kutwa nzima, mimi nimesimama pembeni napima kila anapotoa. Likatoka duara, uzito karibu kilo mbili, linakaa juu ya flaiwili kama bakuli juu ya sahani. Boliti sita, vichwa vimezamishwa, kila kimoja nikakigonga pembeni kwa senta panchi, ule msumari mgumu wa kutia alama, kisifunguke. Tukalining'iniza juu ya makali ya kisu cha mezani kuona upande gani mzito, tukatoboa vitundu viwili kusawazisha. Mtaviona. Mlidhani ni kutu.

Kifuniko cha ubavuni kikakataa kufunga, kwa kuwa ndani pamejaa. Nikachukua sufuria yangu ya wali, nikakata mshipi wa ukingo wake, nikaunganisha kwa ribiti ili kifuniko kisogee nje. Hadija alipouliza wali tutapikia nini nikamwambia tutakula ugali. Nikabadilisha na sproketi ya mbele, ile gia ya mnyororo, nikatia ndogo. Nikawasha. Haikuruka tena. Ilisema dug, dug, dug, unaweza kuhesabu. Vijana wa barabarani wakaniuliza kama nimeiharibu.

"Ndiyo," niliwajibu. "Nimeiharibu vizuri."

Siku ya kliniki sikukubali kubaki Mikumi. Nilitangulia Zombo, nikalala kwa ndugu yake Nesi, na asubuhi mimi ndiye niliyefunga kasha nyuma ya kiti, kwa mpira wa tyubu, fundo langu. Nesi akapanda. Mimi nikafuata kwa miguu na mfuko wa spana begani, pamoja na kinamama wa vitongoji vya chini waliokuwa wanapanda kliniki.

Tulipofika Ngazi, tulimkuta Nesi amesimama, akanitazama.

"Mama Hadija."

"Usiongeze mafuta," nilimwambia. "Likija jiwe, liache gurudumu lifanye kazi."

Akaingia. Jiwe la kwanza. Dug, dug. Injini ikaguna, ikalegea, moyo wangu ukalegea nayo, halafu ikavuta. Tairi la nyuma likapanda jiwe kama mtu mzima anayepanda kitanda. La pili. La tatu, pale alipoanguka. Akapita. Hakuna jiwe lililotupwa, hakuna kelele. Kasi yake, nisiwadanganye, ilikuwa ndogo kuliko ya mtu. Mama mmoja mwenye mapacha, mmoja mgongoni na mmoja kifuani, alimfikia, akaenda naye sambamba, akampita.

"Nesi, shikamoo! Tukakusubiri juu?"

"Marahaba. Katangulieni, mpange mstari!"

Kinamama wakacheka mpaka wakakaa kwenye mawe. Mwingine akampita. Na mwingine. Mimi fundi niliyeshangiliwa barabara kuu nilikuwa napanda nyuma ya pikipiki inayopitwa na wazazi wenye watoto, na nawaambieni sijawahi kuona fahari kama ile. Mguu wake haukugusa chini hata mara moja. Hao wanaoshindana huko kwao wangempa kikombe.

Nilijichoma mkono kwenye ekzosi pale karibu na juu, nilipotaka kuisukuma bila kuombwa. Nesi akanifokea. Tulipofika zahanati jua lilikuwa bado la asubuhi, na watu wa kamati wamekaa kwenye benchi. Nesi Agnesi akafungua kasha mbele yao. Akatia mkono, akatoa kipande cha barafu kigumu chenye pembe, akanishikisha kwenye ule mkono niliouchoma.

"Shika, fundi," alisema.

Nilikishika mpaka kikayeyuka chote. Kilichukua muda mrefu sana.

Kliniki haikuhamishwa. Pikipiki ile ilipanda Ngazi miaka mingi, mpaka barabara ikachimbwa upande wa pili na Nesi akapata ya Kijapani, nyepesi, nzuri tu. Fremu iliuzwa. Duara nikalifungua mwenyewe nikalileta hapa, na kwa kuwa mlango wetu hupigwa na upepo wa lami, likapata kazi ya kuuzuia.

Yule aliyetaka kuliuza, sina kinyongo naye. Ila kila atakayeanza kazi hapa, kabla ya kushika spana, mpeni alinyanyue kwa mkono mmoja. Halafu ndipo akamuulize mteja anakwenda wapi.